Kabla hujaniletea wosia wa mzee nichape

Nina kompyuta mbili, printa moja na mashine ya kopi katika kibanda kilicho hatua chache kutoka mahakama ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mimi si wakili. Kazi yangu ni kuchapa, na kwa sababu ya hapo nilipo, nusu ya ninachochapa ni makaratasi ya mirathi, ile kesi ambayo kila mtu huku huiita sakseshoni. Watu huja na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne: cheti cha kifo, barua ya chifu, na taitoli dii, yaani hati ya shamba, yenye jina la mtu aliyezikwa kabla wao hawajazaliwa. Siku hizi huja pia wazee wenyewe, wakiwa hai, wanataka wosia. Hao nawapa kiti hata kama foleni ni ndefu.

Nitaeleza namna ya kuandika wosia nyumbani ukasimama mahakamani. Lakini kwanza ule nilioharibu mwenyewe.

Mwaka 2014 baba aliniita nyumbani, upande wa Malava, nije na kompyuta ya mapajani. Tukakaa chini ya mparachichi. "Wewe chapa, mimi naongea." Shamba la eka mbili na nusu akawagawia kaka zangu watatu na dada yangu. Mimi akanipa ploti ya futi hamsini kwa mia iliyo kando ya barabara, kwa sababu, na nikaandika kama alivyotamka, "huyu ndiye aliyewalipia wenzake karo." Jioni nikarudi na karatasi zilizochapwa, akatia sahihi. Shahidi wa kwanza alikuwa mchungaji wetu aliyepita kusalimu. Wa pili je? Baba akatazama kuku, akamtazama mchungaji, akanitazama mimi. "Wewe si upo?"

Nikatia sahihi.

Baba alifariki 2017. Siku wosia uliposomwa kortini, hakimu alifika chini kabisa ya ukurasa wa mwisho akauliza: huyu shahidi wa pili ndiye yule wa ploti? Nikasema ndiye.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema zawadi aliyoachiwa shahidi wa wosia ni batili, na hata aliyoachiwa mume au mke wa shahidi, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili zaidi wasiopata chochote. Wosia wenyewe haukufa. Kaka zangu na dada walipata vyao. Kilichoanguka ni kile kifungu changu tu, na mkono uliokiangusha ulikuwa wangu. Tulikaa vikao visivyo na hesabu, mwishowe tukakubaliana ploti iwe ya sote watano. Leo ina duka la mbolea, kodi ni elfu nane, na kila mwezi naingiziwa elfu moja na mia sita kwa M-Pesa. Anayetuma ni mdogo wetu wa mwisho, yule niliyemlipia karo.

Basi tuanze.

Kabla ya kugawa shamba, hakikisha ni lako. Unacheka, lakini hapa ndipo wazee wengi wa huku kwetu wanapokwama. Mzee amelima kipande hicho miaka hamsini, amepanda miwa, amezika wazazi wake hapo, lakini taitoli bado inasoma jina la babu. Kisheria shamba hilo ni mali ya marehemu babu, na baba wakubwa, baba wadogo, mashangazi na watoto wao wote wana neno. Huwezi kuwaachia watoto kitu ambacho hakijafika mikononi mwako. Dawa yake ni kufungua sakseshoni ya babu kwanza, mzee akiwa hai na akikumbuka nani alizaliwa na nani. Akiondoka, mnabaki na mirathi mbili juu ya shamba moja, na wa kusimulia hayupo. Fanyeni sachi, yaani ukaguzi wa rejista, kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti mjue jina lililoandikwa na kama kuna deni la benki au zuio. Mtu mmoja alikuja kwangu na taitoli safi iliyotunzwa ndani ya plastiki. Sachi ikaonyesha mkopo ambao mzee hakuwahi kumwambia mama.

Kuna mali ambayo wosia hauigusi kabisa. Akiba ya Sacco, chama cha akiba na mikopo, na pensheni kwa kawaida humwendea yule uliyemwandika kwenye fomu yao, hata wosia useme vinginevyo. Kwa hiyo kama fomu hiyo uliijaza ukiwa kijana na ukamwandika mama yako, nenda ukaibadilishe. Shamba mlilosajili pamoja mume na mke kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humbakia aliye hai.

Halafu andika watu. Wote. Nasema wote nikijua ninachosema, maana nimechapa pingamizi za watoto waliojitokeza siku ya mazishi na picha mkononi. Mke wa kwanza, wa pili, aliyeachwa, mtoto wa kabla ya ndoa, binti aliyeolewa Busia. Sheria inamtambua mke na kila mtoto kuwa tegemezi, awe alikuwa akilishwa na marehemu au la. Mzazi unayemtunza naye yumo. Una uhuru wa kugawa unavyotaka, lakini ukimwacha tegemezi mikono mitupu anaweza kwenda mahakamani kabla mirathi haijathibitishwa akaomba akatiwe fungu. Kama una sababu ya kumpa mmoja kidogo, iandike ndani ya wosia: huyu nilimnunulia ploti Lurambi, kwa ajili ya yule niliuza ng'ombe wanne aende chuo. Mahakama huzitazama sababu hizo.

Kuhusu mabinti, sitaki kubishana na mtu kibandani kwangu. Wazee huniambia msichana atapata kwa mumewe. Nawajibu kwamba sheria hii imefanya kazi tangu tarehe 1 Julai 1981 na inaposema mtoto haijasema mvulana. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya familia ya Rono kutoka Eldoret, ilikataa hoja kwamba mabinti wapate kidogo kwa kuwa wataolewa. Ukitaka kubishana, wabishie majaji wale.

Sasa kuandika. Hakuna fomu ya serikali. Karatasi ya kawaida yatosha, kwa mkono au kwa kuchapa, kwa Kiswahili au Kiluhya au lugha yoyote unayoielewa. Jina lako na nambari ya kitambulisho, tarehe, sentensi ya kufuta wosia wote wa nyuma, jina la atakayesimamia na wa akiba iwapo huyo atatangulia. Mali itaje kwa nambari yake ya usajili kama ilivyo kwenye taitoli. "Shamba la mtoni" lilitusumbua sisi, maana mto unapita mashamba mawili. Mwishoni weka sentensi moja ya kusema kila ambacho sijakitaja kiende kwa nani. Sentensi hiyo baba hakuwa nayo, na ingetupunguzia vikao.

Siku ya kutia sahihi ndiyo yenye mtego, kwa hiyo hapa nitapunguza mwendo. Tafuta mashahidi wawili watu wazima wasiopata hata jembe katika wosia huo, wala wake zao wala waume zao. Jirani, mwalimu, mzee wa kanisa. Wawe wadogo kwako kwa umri ikiwezekana, maana shahidi naye hufa. Si lazima wasome yaliyomo. Kazi yao ni kushuhudia sahihi yako. Kila mmoja akuone ukitia sahihi, au umwambie kwa kinywa chako kwamba sahihi hii ni yangu, kisha naye atie yake mbele yako. Asiyejua kusoma aweke kidole gumba, na hapo mimi hushauri wosia usomwe kwa sauti kwa lugha yake, na iandikwe chini kwamba ulisomwa akaukubali. Kila ukurasa uwe na sahihi, hata kama sheria haikulazimishi. Kurasa za katikati zina tabia ya kubadilika.

Na watoto watoke nje. Wote, hasa anayepata zaidi. Wosia huweza kupingwa kwa madai kwamba mzee alisukumwa au akili haikuwa sawa. Mzee akiwa mgonjwa au ametimiza miaka themanini na kitu, mpitishe kwa daktari siku hiyohiyo, upate barua kwamba anajijua. Mimi nilikuwa pale nachapa, nikatia sahihi, na nilikuwa nimempikia chai. Kortini kaka yangu mkubwa hakuacha kutaja hata moja ya hizo.

Nakala halisi usiiweke kwenye Biblia ya sebuleni. Iache kwa wakili, benki, au kwa msimamizi uliyemtaja, na watu wawili wajue ilipo. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, wosia huo umefutika wenyewe isipokuwa uliuandika ukimtaja huyo mtu na ndoa inayokuja. Andika mwingine.

Maneno ya kitandani je? Yanakubalika yakisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafariki ndani ya miezi mitatu. Akiishi mwezi wa nne, hayana nguvu. Na siku ya kunyoa, ile ya kikao cha ukoo baada ya mazishi, baba mdogo anaposimama na kusema "marehemu aliniambia," mwulize alikuwa na nani mwingine.

Kama mzee ameshaondoka bila wosia, njia ni hii kwa ufupi. Cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, sachi ya kila kipande, kisha fomu za mahakama za mirathi, P&A 80 ya ombi na P&A 5 ya kiapo, pamoja na 38 ya warithi kukubali. Hiyo 38 ndiyo inayorudishwa kwangu mara nyingi, kwa kuwa dada fulani "hapatikani". Anapatikana, hamkumpigia. Mkimficha, hati ya kusimamia mali mtakayopewa inaweza kufutwa hata baada ya miaka. Mali isiyozidi milioni 20 husikilizwa na hakimu mkuu, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Ombi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ikitoka, kwa kawaida mnangoja miezi sita kabla ya mahakama kuithibitisha pamoja na mgawo, na kabla ya kuthibitishwa hakuna kuuza shamba. Waislamu wana Kadhi wao kwa mambo haya.

Katika kipindi hicho chote usikate mikaratusi, usivune miwa ukaweka pesa mfukoni, usimkodishie mtu. Kuingilia mali ya marehemu bila hati ni kosa la jinai: faini hadi shilingi elfu kumi, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mkigombana, muombe mahakama iwapeleke kwa mpatanishi. Sisi tulimaliza hivyo, katika chumba chenye meza moja na viti saba.

Kuchapa wosia kwangu ni shilingi thelathini kwa ukurasa, kopi ni kumi. Karibu. Ila nikikuuliza mashahidi ni akina nani, usinitazame ukasema mimi si nipo. Kwa mzee wa mtu mwingine sheria hainikatazi, lakini tangu ile siku ya mparachichi kalamu yangu haitii sahihi chini ya wosia wa mtu yeyote.