Kubadili PNG iwe JPG bila picha kutoka kwenye mashine yako
Tuseme una skani ya kitambulisho ya PNG na fomu ya maombi inataka JPG tu, usikimbilie saiti yoyote ya kuapulodi maana kopi yako inaweza kubaki kwenye seva za watu huko. Fungua squoosh.app (saiti inayobadili picha ndani ya kivinjari chako) kwenye Chrome, weka kwanza picha yoyote isiyo ya siri, ikishafunguka yote zima data kabisa, ndo uburute picha ya kitambulisho humo. Chini upande wa kulia chagua MozJPEG (ndiyo inayotoa JPG), kwoliti iache 75 (maandishi yakitoka na ukungu panda mpaka 85 hivi), halafu bonyeza kitufe cha kudaunlodi. Umeona imekubali bila bando? Kazi yote imefanyika hapo hapo kwako. Ila picha za iPhone za aina ya HEIC, Chrome itazigomea tu.