Jinsi ya kuombea kibali ripita chakavu iwe ya redio ya ridhaa: kwa walioko Dodoma

Anza na leseni yako mwenyewe ya redio ya ridhaa (redio ya kujifurahisha na kujifunza, si ya biashara) kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ile inayokuja na alama ya wito, yaani jina lako la hewani, inayoanza na 5H. Ofisi ya Kanda ya Kati iko hapa hapa mjini, nauli ya Dar weka mfukoni. Ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena yafike mbali, iombee masafa yake peke yake. Leseni ya mtu haibebi mtambo wa mlimani.

Mtambo wenyewe usiulipie kabla hujasoma lebo ya nyuma. Redio za upepo za kampuni za ulinzi na migodi zikichoka huishia mnadani, na dalali atakwambia, "Hii VHF bosi, inashika popote." Haishiki popote. Masafa yetu ya VHF, yaitwayo mita 2 kwa urefu wa wimbi, ni 144 hadi 146 MHz, na mitambo mingi ya biashara inaanzia 146 au 150 kwenda 174. Kenwood TKR-750 iliuzwa kwa migao tofauti ya masafa huku usoni zikifanana. UHF nayo, masafa ya juu zaidi yaitwayo sentimita 70, tunataka 430 hadi 440. Iliyoandikwa 450–470 muachie dalali wake.

Sasa duplexa, ndiyo iliyokula hela zangu. Hiki ndicho kifaa kinachoruhusu antena moja ipokee na kurusha kwa wakati mmoja. Vile visanduku bapa vinavyouzwa pamoja na ripita za VHF vimetengenezwa kwa mtambo ambao masafa ya kupokea na ya kurusha yameachana MHz 5 hivi. Kwenye mita 2 sisi tunaachanisha kHz 600 tu. Muuzaji aliniapia kwamba fundi akizungusha skrubu mbili tatu mambo yatakaa sawa. Fundi alizizungusha zote, na bado kila mtambo ukirusha, kipokezi chake kinazibwa masikio na kelele za jirani yake wa ndani. kHz 600 zinataka mitungi mikubwa ya kaviti ya kuchuja masafa, minne hadi sita, na bei yake inaweza kuizidi ripita yenyewe. Huna hela hiyo? Hamia sentimita 70, ambako mpangilio wa kuachanisha MHz 7.6 unatumika, kwa mfano kupokea 431.050 na kurusha 438.650. Hapo kisanduku kidogo cha UHF kikipimwa na kurekebishwa vizuri kinatosha. Amua hili kabla ya fomu, maana masafa ndiyo ombi lenyewe.

Kwenye fomu, majina na namba ya NIDA hayana shida. Tulia kwenye majira ya nukta ya mnara. Dodoma ni kama 6°10′ S, 35°45′ E. Ukiteleza ukaweka N, mnara wako umehamia Ethiopia. Usiandike K, kaskazini na kusini zote wanaigombania. Urefu wa antena ni kutoka ardhini. Zile mita 1,100 na ushee za mwinuko wa mji zina mahali pake. Aina ya mawimbi kwa FM ya chaneli ya kHz 12.5 ni 11K0F3E. Na kwa kuwa uwanja wa ndege uko katikati ya mji, waulize watu wa usafiri wa anga kuhusu urefu wa mlingoti mapema.

Malipo ni kwa kontroli namba. Wakala akisema mtandao unasumbua, nenda kwa wa pili. Wa kwanza huwa anasumbuliwa na floti.

Ukisubiri majibu, kazi ipo. Ripita za kabati za Motorola GR300 zina redio mbili za gari za GM300, na programu yake inataka kompyuta ya zamani ya DOS yenye tundu la siriali, kwa hiyo ile mashine ya stoo usiigawe. Futa masafa yote ya mwenye mali wa zamani. Punguza nguvu na ufunge feni, kwa sababu redio za gari hazikuundwa kurusha mfululizo. Majaribio yote yafanyie kwenye mzigo bandia wa ohm 50, unaomeza nguvu badala ya antena. Antena iunganishwe siku kibali kikiwa mkononi.