SOMO: Kugeuza picha za safari, majengo na mandhari, zionekane kama mchoro wa rangi za maji

Wakuu, swali hili linarudi kila mara na majibu yangu yametawanyika kwenye nyuzi tofauti. Naliweka lote hapa. Soma hadi mwisho ndipo uulize, maana nusu ya maswali yanajibiwa na hatua ya 3 na ya 7.

Natumia GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure. Mwenye Photoshop au Krita atavikuta vifaa hivihivi, majina tu ndiyo yanatofautiana kidogo.

Shika jambo moja kwanza: kwenye rangi za maji, nyeupe ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Mchoraji huanza na rangi nyepesi, anapanda kuelekea nzito, na sehemu aliyoifunika hairudi kuwa nyeupe safi. Filta (amri zinazobadilisha mwonekano wa picha) za kubonyeza mara moja huvuruga picha nzima kwa kipimo kimoja na haziachi kitu. Kazi yetu yote ni kuamua nini kiachwe.

1. Chagua picha. Jua la ubavuni, asubuhi au jioni, ukuta mmoja uko kwenye mwanga na mwingine kivulini. Picha ya mawingu mazito isiyo na vivuli haitakupa mchoro, hata ufanye nini.

2. Nyoosha jengo. Ukiinua kamera juu, kuta zinaegemeana kileleni. Chukua kifaa cha "Perspective", chagua "Corrective", panga mistari yake ifuate kuta, bonyeza, kisha kata kingo zilizobaki wazi. Usinyooshe hadi mwisho kwa mnara mrefu. Ukiuacha umepungua kidogo juu, jicho linaukubali zaidi.

3. Punguza ukubwa wa picha KABLA ya filta yoyote. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia. Filta hupima kwa pikseli. Haijui kama picha yako ni kubwa au ndogo. Ulainishaji wa pikseli 6 kwenye picha yenye upana wa pikseli 6000 ni sehemu moja kwa elfu ya upana, hauonekani. Ulainishaji uleule kwenye upana wa 1754 unameza nyufa, vigae na majani, na hicho ndicho tunachotaka. Kwa hiyo nenda "Scale Image", weka upande mrefu 1754. Nimechagua namba hiyo kwa sababu ni nusu ya 3508, ambayo ni upande mrefu wa A4 ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi. Tukimaliza rangi tunakuza mara mbili, na kwa kuwa rangi za maji zina kingo laini, ukuzaji hauharibu kitu. Tahadhari: fanyia kazi nakala. Ukihifadhi juu ya picha ya asili, ukubwa ule umeupoteza moja kwa moja.

4. Ondoa weusi. Kwenye "Levels", sehemu ya "Output", pandisha mwanzo kutoka 0 hadi 40 hivi. Kisha "Color Balance", chagua "Shadows", sogeza upande wa bluu kama 15 na kidogo upande wa "Magenta". Kivuli cha rangi za maji ni bluu au zambarau iliyokolea, hakiwi cheusi kama mkaa.

5. Leya ya rangi. Rudufu leya (tabaka la picha) mara mbili. Ya chini ipitishe "Median Blur" ya radius 12, ya juu radius 4. Weka maski nyeusi kwenye ya juu (maski ni kifuniko: nyeusi huficha leya, nyeupe huionyesha), kisha paka nyeupe juu ya jengo tu. Sasa anga, miti na maji viko laini, jengo limebaki na madirisha yake. Kwa majani ongeza "Percentile" hadi 60. Filta itachagua pikseli angavu zaidi na vile vijitundu vyeusi kati ya majani vitapungua. Malizia kwa kuunganisha leya hizi zote kuwa moja.

6. Leya ya kingo. Rudufu leya ya rangi, iondolee rangi kwa "Desaturate". Irudufu tena, igeuze kwa "Invert", ipitishe "Gaussian Blur" ya 5, weka modi (namna leya inavyochanganyika na ya chini yake) ya "Dodge". Utaona mchoro wa penseli kwenye weupe. Unganisha hizo mbili kwa "Merge Down", weka "Multiply", "Opacity" 40. Anga ikijaa vidoa, fungua "Levels" na uvute nyeupe ya "Input" kutoka 255 hadi 230. Vidoa vinaisha.

7. Acha karatasi. Chini ya kila kitu weka leya tupu yenye rangi ya msimbo fdfbf5, weupe wenye joto kidogo. Leya zote za juu ziweke kwenye kundi moja, lipe kundi maski nyeusi. Picha inatoweka. Sasa unairudisha kwa brashi nyeupe, "Acrylic" kwa maeneo makubwa na "Chalk" kwa kingo, ukibadilisha ukubwa wa brashi mara kwa mara.

Anza katikati, pale unapotaka jicho litue: mlango, kuba, daraja. Hapo rudisha kila kitu. Ukitoka nje punguza "Opacity" ya brashi hadi 50, halafu 20. Upande mmoja acha rangi ikimbie hadi pembeni kabisa, upande wa pili ikatike mapema. Fremu ya weupe iliyo sawa pande zote nne inasema "filta" kwa sauti kubwa. Kosa la pili ni kuacha weupe pembeni tu. Rudi ndani ya picha na brashi nyeusi ndogo: ukingo wa paa uliopigwa na jua, ngazi, mgongo wa wimbi, upande wa nguzo unaotazama mwanga. Mistari mitano au sita nyembamba inatosha. Kosa la tatu ni kufifisha mstari wa paa dhidi ya anga. Huo uache mkali, ndio unaoshika jengo. Anga yenyewe unaweza kuifuta nusu bila kuogopa.

8. Kuza mara mbili. "Scale Image", upande mrefu 3508, "Interpolation" iwe "Cubic" au bora zaidi.

9. Uso wa karatasi. Skani karatasi tupu ya rangi za maji kwa 300, au ipige picha ikiwa na mwanga wa ubavuni. Iondolee rangi, rekebisha "Levels" hadi wastani wake ukae katikati, yaani kijivu cha 128, iweke juu kabisa kwa modi ya "Grain merge", "Opacity" 25 hadi 40. Wengi hutumia "Overlay" kisha wanalalamika kwamba karatasi haionekani kwenye weupe. Haiwezi kuonekana: "Overlay" ikikuta nyeupe inaiacha nyeupe. Na usiikuze skani yako. Chembe za karatasi zikiwa kubwa kuliko madirisha, jengo linageuka kuwa la kuchezea.

10. Hifadhi XCF (faili la GIMP linalotunza leya zote), toa PNG au TIFF. JPEG ni ya kutuma kwa watu tu.

MASWALI

dirisha_wazi: Mkuu si kuna app inafanya haya yote kwa kubonyeza tu?

Mwandishi: Zipo. Ukiridhika na zinachotoa, somo hili halikuhusu.

pwani_88: Nimefuata hatua zote lakini bado inaonekana picha ya kawaida iliyofifia. Tatizo nini?

Mwandishi: Upande mrefu una pikseli ngapi?

pwani_88: 5472

Mwandishi: Hatua ya 3.

kuba_na_nguzo: Shukrani sana mkuu. Naomba kuelewa hatua ya 6. Kwa nini rangi ya maji iwe na ukingo mweusi? Na kwa nini "Dodge" inautoa kwa usahihi hivyo?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Tone la rangi likitua kwenye karatasi, ukingo wake umenasa na hausogei. Maji ya pembeni hukauka haraka kuliko ya katikati, kwa hiyo maji ya katikati hutiririka kwenda kuziba pengo, yakibeba chembe za rangi. Zinafika ukingoni na kubaki hapo. Doa la kahawa lina pete kwa sababu hiyohiyo. Tazama sasa pete iko wapi: *ndani* ya eneo lililopakwa, si upande wa karatasi. "Dodge" na nakala iliyogeuzwa hulinganisha kila pikseli na wastani wa majirani zake. Iliyo nyeusi kuliko majirani inatiwa giza, iliyo angavu inakuwa nyeupe. Kwa hiyo mstari unaangukia upande mzito wa mpaka, palepale ambapo rangi halisi ingekaa. Ukitaka pete nene zaidi pandisha "Gaussian Blur" hadi 8. Zaidi ya 12 inageuka kivuli, si pete tena.

kuba_na_nguzo: Na pale mchoraji anapoacha rangi mbili ziingiane zikiwa bado mbichi?

Mwandishi: Hapo hakuna pete. Ndiyo maana mawingu na milima ya mbali hupaswi kuwapa kingo. Weka maski kwenye leya ya kingo, ufute anga yote na kila kilicho mbali. Hilo ningeliweka kwenye somo lenyewe, asante kwa kuliibua.

mtaa_wa_tatu: AI inafanya hii kwa sekunde tano na inatoka nzuri kuliko hii.

Mwandishi: Hesabu madirisha kabla na baada. Hesabu nguzo. Soma maandishi yaliyo juu ya mlango. Ukiona zimebaki zilezile, itumie. Mimi nataka jengo nililolipiga picha libaki jengo lile.

ziwa_tulivu: Mimi picha zangu nyingi zina maji na taswira ya majengo ndani yake. "Median" inaniachia mabaka tu.

Mwandishi: Chagua eneo la maji peke yake, tumia "Linear Motion Blur", "Angle" 90, urefu kama 30, kwa sababu taswira huvutika kwenda chini. Halafu iguse kwa "Curves": kitu angavu kikiakisiwa majini huwa cheusi kidogo kuliko chenyewe, na cheusi huwa angavu kidogo. Ukipunguza tofauti ya mwanga na giza kwenye taswira, maji yanalala. Acha mstari mmoja au miwili myeupe ya kulala ikikata taswira, basi.

ziwa_tulivu: Imekubali! Na watu waliopita mbele ya jengo niwafute?

Mwandishi: Wafute walio karibu na kamera, wanakula picha. Wa mbali wabakize, bila wao hatujui jengo lina ukubwa gani. Ila wasibaki na sura wala miguu kamili. Paka kichwa, mabega, na mwili unaopungua kuelekea chini. Ukiongeza mtu wako mwenyewe, na picha ilipigwa ukiwa umesimama kwenye uwanja tambarare, vichwa vyote viweke karibu na mstari wa upeo wa macho, awe karibu au mbali. Kinachobadilika ni mahali miguu inapofika.

kijani_kibichi: Miti yangu inang'aa kama plastiki.

Mwandishi: Kamera za simu hukoleza kijani. "Hue-Saturation", chagua G, "Saturation" -35, "Hue" kidogo kuelekea njano.

kalamu_kavu: Huu si uchoraji, ni udanganyifu.

Mwandishi: Hakuna aliyesema ni uchoraji wa mkono. Ukiitoa picha kwa watu andika kwamba ni picha ya kamera iliyochakatwa. Kuiuza kama mchoro wa mkono ndio udanganyifu, na hilo silitetei.

kalamu_kavu: Sawa. Je, inaweza kumsaidia anayetaka kuchora kweli?

Mwandishi: Sana. Chukua leya ya hatua ya 6 peke yake, ichape hafifu, ibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka karatasi yako juu, fuata mistari mikuu tu kwa penseli. Karatasi nene sana haitapitisha mwanga. Hapo paka penseli nyuma ya chapa, ilaze juu ya karatasi yako, na ufuate mistari ukiikandamiza. Kisha tumia ile ya hatua ya 7 kama ramani ya weupe wa kuacha. Tafuta pia michoro ya Venice ya mchoraji Mwingereza Turner na ya Mmarekani John Singer Sargent. Angalia Sargent anavyopaka vivuli vya mawe kwa bluu na zambarau.

chapa_bora: Nachapa kwenye karatasi yenyewe ya rangi za maji, kwa printa ya wino. Rangi zinatoka zimekufa.

Mwandishi: Karatasi hiyo haina tabaka la kushika wino, unazama ndani. Nunua karatasi ya pamba isiyong'aa iliyotengenezwa kwa printa za wino. Na kwa kuwa ina uso wake tayari, zima leya ya hatua ya 9 kabla ya kuchapa, la sivyo chembe za karatasi mbili zinagombana.