Uliza udongo kwanza: vigingi vya hema kabla ya safari

Ukifungua hema jipya utakuta ndani ya mfuko wake kijifuko kingine chenye vijiti vya chuma vyembamba, vimepindwa kichwa kama ndoana. Wengi wakishaviona wanaamini habari ya vigingi imeisha. Vile ni vya bustani yenye nyasi na udongo laini, tena usiku usio na upepo. Nyuma ya nyumba vinatosha kabisa. Porini ni bahati nasibu.

Mimi hilo nililijulia Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa pili, nyumbu wakiwa wanazaa. Tulifika jua linazama, tuna hema la kukodi na vigingi vya waya. Cha kwanza kikaingia kama sentimita tano, kikagota. Nikaongeza nguvu kwa jiwe, kikajikunja kama mkia wa nge. Cha pili vilevile. Nyanda zile za majani mafupi zimelala juu ya majivu ya volkano za kule Ngorongoro, na kwa miaka mingi mvua imeyeyusha chokaa iliyomo na kuigandisha chini, ikawa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Kwingine tabaka hilo liko karibu sana na uso wa ardhi. Usiku ule hema letu lilifungwa upande mmoja kwenye gurudumu la gari, upande mwingine kwenye madumu ya maji. Dereva alicheka weee, kisha akaenda kwenye buti akarudi na vya kwake: vipande vya nondo.

Kwa hiyo kabla hujafungasha chochote, mtafute mtu aliyelala huko unakokwenda, au mlinzi wa kambi, umuulize swali moja: jembe linaingia au linaruka? Jibu lake litakufaa kuliko picha zote za kambi hiyo ulizoziona kwenye simu.

Likiwa linaruka, nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie akukatie nondo ya milimita 10, kila kipande sentimita 35, ncha moja aichonge, nyingine aipinde iwe kulabu. Fundi wangu aliniuliza, "Kaka, hizi za mbuzi au za ng'ombe?" Nilipomwambia ni za hema alinitazama kidogo, akaendelea kukata. Shida ya nondo ni uzito: kipande kimoja ni zaidi ya gramu 200, kwa hiyo 12 ni kama kilo mbili na nusu. Kwa gari hiyo si hoja. Kwa mtembea kwa miguu, chukua misumari ya inchi 6 yenye washa kichwani ili kamba isichomoke. Msumari mmoja hauzidi sana gramu 30, na unapenya kokoto ambazo kigingi cha alumini kingepindia hapo hapo.

Mchanga ni habari nyingine kabisa. Pwani kila kitu kinaingia kwa kidole, na kinatoka kwa urahisi uleule. Kigingi chembamba hakina cha kushika. Kinachohitajika ni upana. Kuna vigingi vya bati vilivyokunjwa kama herufi V, virefu kiasi cha sentimita 30 au zaidi, na hivyo vinasaidia. Lakini kusi likivuma kwa dhati, mimi naamini viroba. Chukua kiroba kidogo kitupu kwa kila kona, kijaze mchanga, funga kamba shingoni, fukia mpaka mkono uzame kufikia kiwiko, kisha ushindilie mchanga juu kwa miguu. Viroba vitupu havina uzito begini, na asubuhi unamwaga mchanga unaondoka navyo. Ukiwa ufukweni angalia pia mstari wa mwani uliokauka. Ndipo maji yalipofika juzi. Kama mwezi ni mpevu au ndiyo kwanza umeandama, ni bamvua, maji yanaweza kuupita mstari huo, na hapo hakuna kigingi cha kukuokoa. Sogea juu.

Udongo mweusi wa mbugani unadanganya kuliko yote. Kiangazi ni mgumu tena una nyufa. Kigingi kikiteleza ndani ya ufa unadhani kimekamata, kumbe kinaning'inia. Piga katikati ya bonge, mbali na ufa. Mvua ikinyesha udongo uleule unavimba na kulainika, na kigingi kilichokaza saa kumi jioni kinachomoka saa nane usiku. Hapo beba virefu na vipana, na kwenye kona inayopokea upepo weka viwili: cha mbele kishike hema, cha nyuma kimfunge mwenzake kwa kamba fupi. Kamba za nailoni nazo zikilowa hulegea, kwa hiyo mvua ya kwanza ikipita toka nje ukaze upya. Najua hakuna anayependa kutoka.

Udongo wa tifutifu, kama wa Lushoto au kwenye nyasi za ukingo wa Ngorongoro, sina la kusema juu yake. Kigingi chochote chenye afya kitafanya kazi.

Mlimani ndiko vigingi vinapoishiwa maana. Kambi ya Barafu, Kilimanjaro, iko zaidi ya mita 4,600, juu ya mgongo wa mawe uliopigwa na upepo, na sehemu kubwa ya pale huwezi kupigilia kitu. Mzigo wa mpagazi nao unapimwa, haupaswi kuzidi kilo 20, kwa hiyo usimtwishe mtoto wa watu nondo. Beba vigingi vichache vyepesi pamoja na kamba za ziada, mita mbili kwa kila kona. Watu wengi hufanya kosa la kufunga kamba moja kwa moja kwenye jiwe. Mawe yale yana makali, na upepo ukiitikisa kamba usiku kucha ni kama unaikata kwa msumeno. Afadhali pitisha kigingi katika kitanzi cha kamba, kilaze chini, weka jiwe la wastani juu ya kamba mbele yake, kisha jiwe kubwa mbele ya hilo dogo, upande wa hema. Upepo ukivuta, kigingi kinajibana chenyewe nyuma ya mawe. Asubuhi mawe yarudishe ulikoyatoa.

Kwenye hifadhi usitegemee kukata miti uchonge vigingi hapo hapo. Hairuhusiwi, na kijiti kibichi kina ulaini wake.

Namna ya kupigilia inaweza kuharibu hata vigingi vizuri. Kichwa kiegemee nje, mbali na hema, kiasi cha kamba na kigingi kukutana kwa pembe mraba. Kulabu itazame nje pia, la sivyo kitanzi kitateleza. Zamisha mpaka kichwa kibaki kimegusa ardhi, maana kigingi kilichobaki nje nusu upepo unakitumia kama wenzo. Nyundo ya mpira inatosha kwa plastiki na alumini. Kwa nondo chukua ya chuma.

Kabla ya safari, simamisha hema uani uhesabu matundu na vitanzi vyote, vya chini na vya kamba za juu. Hema la watu wawili linaweza kuhitaji 12 au zaidi huku mfuko ukija na vinane. Ongeza vinne vya akiba. Funga kipande cha kitambaa chekundu kwenye kila kichwa, kwa sababu ya vidole vya anayetoka kujisaidia usiku.

Wakati wa kung'oa usivute kamba ya hema, itachanika mshono. Ingiza kulabu ya kigingi kingine kwenye kulabu ya kilichozama, zungusha kidogo, vuta juu. Hesabu kabla gari halijawashwa, kwa kuwa nondo iliyochongwa ikisahaulika kwenye majani ndiyo itakayotoboa tairi ya anayefuata. Kinachokosekana kwa kawaida kiko jikoni, mpishi anageuzia mishikaki.