Dai faida aliyoipata, si hasara pekee

Nimejifunza hili katika shauri la mkurugenzi wa kampuni ya samaki hapa Mwanza aliyewahamishia wanunuzi wa minofu ya sangara kwenye biashara yake ya pembeni: katika hati ya madai, omba atoe hesabu na kurejesha faida aliyoipata. Hasara ni ngumu kuithibitisha, kwani wakili wake atasema samaki waliadimika ziwani msimu ule, ilhali ankara zake mwenyewe, zenye tarehe na kilo, zinajieleza. Na mwenye wajibu wa uaminifu, yaani anayepaswa kutanguliza maslahi ya kampuni kama mkurugenzi, hudaiwa faida ya siri hata kama kampuni haikupoteza shilingi. Njia hii hugonga mwamba pale muhtasari wa kikao cha bodi unapoonyesha kwamba alitangaza maslahi yake akaruhusiwa, au mdaiwa anapokuwa karani tu, ambaye kwa kawaida hubanwa na mkataba wake wa ajira, si na wajibu huo.