Siku tatu kwa mtumbwi hadi Takwa, na watoto

Anzeni na maji ya kunywa, kwa sababu Manda, kisiwa cha jirani na Lamu, Kenya, chenye magofu ya mji wa kale wa Takwa, ni kikavu. Hesabuni lita 5 kwa mtu kwa siku: watu watano, siku tatu, ni lita 75, yaani mitungi minne ya lita 20. Msiijaze pomoni, acheni nafasi kidogo ya hewa, mkipinduka ielee. Ilazeni katikati, chini kabisa, na kuifunga kamba. Mmoja ukiteleza ubavuni, chombo hulalia huko huko.

Hori la Takwa huingilika maji yakijaa tu. Fikeni mdomoni saa moja kabla hayajajaa. Kumbukeni kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi saa mliyoingilia siyo ya kutokea. Mkikwama kwenye tope la mikoko, sukumeni kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Asishuke mtu miguu mitupu, chaza hukata kama wembe.

Hema lisimame juu ya mstari wa mwani uliokauka. Bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikikaribia, pandeni zaidi: maji ya usiku hupita alama ya jana. Chandarua ni lazima. Kusi, upepo wa kusini, ikikaza, Juni hadi Agosti, ahirisheni tu.