Unakuja kukaa Unguja miezi kadhaa? Anza kuulizia maji

Wanaohamia Unguja, iwe kwa kazi au masomo au umeolewa huku, swali la kwanza huwa bei ya chumba na la pili ufukwe uko wapi. Mie nakwambia ulizia maji. Ukienda kutazama nyumba fungua bomba mwenyewe, tena nenda asubuhi na urudi jioni, manake kuna mitaa maji yanatoka alfajiri tu halafu basi mpaka kesho. Uliza kama kuna tangi juu, na pampu yake inavuta maji ya ZAWA (mamlaka ya maji ya Zanzibar) au ya kisima, kwa sababu visima vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu na chai inakuwa mbaya khasa. Hata tangi likiwepo nunua madumu na pipa lenye mfuniko. Ya kunywa chemsha au nunua, hasa masika, Machi mpaka Mei, mvua ikishuka maji ya vyoo yanaingia visimani na kipindupindu hapa si mgeni. Pipa lifunikwe kila siku jamani, mbu wanazaliana humo. Malaria imepungua mno Zanzibar lakini homa ya dengue ipo na mbu wake anauma mchana, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi, na ukishikwa na homa nenda kapime, usimeze panadol ukalala tu.

Umeme ni wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla, unanunua kwa simu au dukani, unaingiza namba kwenye mita. Kabla hujalipa kodi hakikisha mita ni yako peke yako, ukichangia na jirani mwenye friji mbili za malai ya biashara mtagombana tu. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na watu wazima hawajasahau ulivyokatika Disemba 2009 tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Sasa hivi si hivyo, ila kukatika kupo, weka taa ya kuchaji na friji gadi.

Unyevu ndo utakaokushangaza. Viatu vya ngozi vinaota ukungu, vyeti vinajikunja, chumvi inageuka maji mezani (tia punje za mchele kwenye kichupa). Kabati usiligandishe na ukuta, acha nafasi upepo upite, na Mji Mkongwe ndo zaidi kwa sababu kuta zile za mawe na chokaa zinanyonya maji. Nguo zianike asubuhi zipate jua, jioni zifukize udi, harufu ya uvundo inaondoka na utapendeza pia.

Sokoni nenda mapema. Darajani saa moja asubuhi samaki ni samaki, saa saba ni habari nyengine. Tazama macho yang'ae na mashavu yawe mekundu, akikwambia wa leo mbonyeze. Mnadani kama hujazoea usinyanyue mdomo, dalali anakwenda mbio na wachuuzi wanajuana, nunua fungu kwa mchuuzi baada ya mnada, utaongeza kidogo lakini hutolia. Ujue pia majira: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawapatikani, maana wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza, kusi ikivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki na bei inapanda, na bamvua maji yakitoka mbali ndo pweza wanapatikana kwa wingi. Tungule (nyanya), mbatata na muhogo havina shida, kila mtaa vipo.

Ukishapata nyumba mwambie mwenye nyumba akupeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ujitambulishe, usingoje uitwe. Salimia baraza unapopita hata kama humjui mtu, ukipita kimya watakuona una kiburi. Mavazi, funika mabega na magoti ukiwa mtaani, ya ufukweni yabaki ufukweni. Ijumaa mchana usipange shughuli yoyote ya ofisini. Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana hata kama hufungi, mikahawa mingi inafunga, kwa hiyo weka chakula chako ndani. Jirani akikuletea futari sahani yake usiirudishe tupu, tia hata ndizi mbivu au tende.

Usafiri ni rahisi ukishika namba za daladala: 505 uwanja wa ndege, 502 Bububu, 116 Nungwi. Za mjini zinapita mpaka usiku lakini gari za shamba, yaani za nje ya mji, jioni zinakuwa chache, kwa hiyo ukienda Nungwi kutembea muulize konda asubuhi ileile gari ya mwisho kurudi inaondoka saa ngapi, ikikupita hapo ni teksi, na bei ya teksi ya usiku utaipanga wewe na dereva, huna pa kukimbilia.